Fundi hakukuibia, ni windows ya zamani haiijui seva yako mpya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua, najua barua ndefu huwa mnazikata ila hii naomba mnivumilie maana kuna jina la watu linachafuliwa hapa na mimi ni mmoja wao.

Juzijuzi kuna msomaji aliandika kwa hasira kweli, kwamba kanunua seva mpya, imetoka kwenye boksi, akamwita fundi ampigie Windows Server 2008 R2, yaani mfumo wa zamani wa Microsoft wa kuendeshea seva, kama ile iliyokuwa kwenye seva yake ya zamani, fundi akakaa nayo siku tatu, mwisho akamwambia mzee hii haikubali. Msomaji akafunga hesabu kwamba ama fundi ni kanjanja ama seva ni feki, kwani windows si ni windows tu, na kama mashine ya zamani iliikubali itakuwaje mpya yenye nguvu mara kumi iikatae. Huyo fundi simjui. Lakini hilo shimo alilotumbukia nalijua vizuri, nimelala humo, kwa hiyo ngoja niseme.

Kwanza nianze kwa kumtetea msomaji mwenyewe, kwa sababu najua mafundi wenzangu wakisoma watamcheka, watasema nani leo anapiga 2008 R2, ahamie mpya. Rahisi kusema. Watu hawang'ang'anii mfumo wa zamani kwa kupenda, wanang'ang'ania kwa sababu kuna programu moja inayokaa juu yake, ya stoo au ya mishahara, iliandikwa na mtu ambaye ameshaondoka, maandishi yake ya programu hakuna anayejua yako wapi, na ikihamishiwa kwenye mfumo mpya ama haifunguki ama inafunguka halafu inatoa ripoti tupu. Na ile seva ya zamani inakufa, feni inalia, diski moja imeshaanguka, sasa ufanyeje? Unanunua seva mpya unasema niwekee ileile. Ni akili ya kawaida kabisa, hata mimi ningewaza hivyo kama nisingekuwa fundi, na ukweli ni kwamba niliwaza hivyo nikiwa fundi.

Ilikuwa ofisi moja, sitaitaja. Seva mpya, nzuri, diski zinang'aa. Nikaweka DVD ya 2008 R2, ikaniambia bonyeza kitufe chochote, nikabonyeza, ikaanza kupakia, nikasema hii kazi ya saa moja narudi nyumbani. Ikaja ile skrini ya kuchagua lugha na aina ya kibodi. Nabonyeza, kimya. Maus haisogei. Nachomoa kibodi nachomeka tundu lingine, kimya, nikaenda kuazima kibodi ya jirani, kimya vilevile. Nikazima nikawasha, kwenye bayosi, ile programu ndogo ya mashine inayoamka kabla ya windows, kibodi inafanya kazi safi kabisa, napanda nashuka, nikirudi kwenye windows inakufa. Hapo ndipo nilianza kuamini mambo ya ajabuajabu.

Sababu yenyewe ukishaijua utajiona mjinga. Windows Server 2008 R2 ilitoka mwaka 2009, na walioitengeneza waliijaza draiva, yaani vijiprogramu vya kuongea na vifaa, za vitu vilivyokuwepo wakati huo. USB 3, matundu mapya ya kasi ya kuchomekea vifaa, ilikuwa ndiyo kwanza imeandikwa kwenye makaratasi, kwa hiyo draiva yake humo ndani haimo, Windows Server 2012 ndiyo ya kwanza kuja nayo. Kwa miaka kadhaa haikuleta shida kwa sababu mazabodi (bodi kuu za kompyuta) zilikuwa na kontrola mbili, yaani chipu za kusimamia matundu ya USB, ile mpya na ile ya zamani ya USB 2, windows ikiikosa mpya inaongea na ya zamani maisha yanaendelea. Halafu mwaka 2015 Intel wakatoa chipseti, yaani chipu kuu za mazabodi, za kizazi cha Skylake wakaiondoa kabisa ile ya zamani, na mwaka 2017 seva kubwa zenye prosesa zao za Xeon zikafuata njia hiyohiyo. Matundu yote ya USB yakabaki chini ya kontrola moja ambayo 2008 R2 haijawahi kuisikia. Kwenye bayosi kibodi inakubali kwa sababu bayosi yenyewe ndiyo inayoisoma, windows ikishachukua usukani tu, basi, haina habari kama kuna kibodi duniani.

Sasa mtu atasema si utumie ile konso ya mbali, seva nyingi zina kile kidude cha kuingilia ukiwa mbali, unapata skrini, kibodi na DVD ya kuazima humohumo. Nilijaribu. Ile kibodi ya konso nayo inajitambulisha kwa seva kama kibodi ya USB, na ile DVD nayo inajitambulisha kama DVD ya USB! Kwa hiyo hata ukiweza kupita pale kwa bahati unakutana na ujumbe maarufu kwamba draiva ya CD haipo, tafadhali ilete, wakati yeye mwenyewe ametoka kusoma kwenye hiyohiyo CD dakika mbili zilizopita. Nimewahi kuona mtu mzima akigombana na skrini kwa ajili ya ujumbe huo. Watu wanachoma DVD nyingine wakidhani ile imekwaruzika, wanachoma ya tatu, ya nne, DVD haina kosa lolote.

Dawa ipo. Unachukua ile faili ya kusetia, unaifungua kwenye kompyuta nyingine, unaingiza draiva za USB 3 humo ndani halafu unaifunga tena. Mimi niliingiza kwenye boot.wim, tena kwenye sehemu zote mbili maana ile faili ina nakala mbili za mfumo ndani na wengi hugusa moja tu, nikarudi na flashi yangu kifua mbele, kibodi ikakubali, maus ikatembea, nikachagua lugha, nikaona nimeshinda. Ikakopi mafaili yote, ikajizima ikajiwasha, ikaja skrini ya kuniambia niweke nywila ya msimamizi. Kibodi imekufa tena. Maana boot.wim ni ya kusetia tu, windows yenyewe inayobaki kwenye diski inatoka kwenye install.wim, na huko sikuingiza kitu. Saa nane usiku hiyo. Nilicheka peke yangu kama kichaa.

Na hiyo ni kibodi tu, bado hujafika kwenye diski. Seva mpya nyingi zinakuja na diski za NVMe, zile zinazokaa kama kijiti au zinazochomekwa mbele, spidi yake usipime, ila utaratibu wenyewe wa NVMe ulitoka mwaka 2011, hesabu mwenyewe, windows ya 2009 itaujulia wapi. Unafika kwenye hatua ya kuchagua diski unaona orodha tupu, kana kwamba seva haina diski hata moja. Microsoft walikuja kutoa kiraka baadaye, kinaitwa KB2990941, unakiingiza kwa njia ileile ya faili, na kinataka uwe na Service Pack 1, kile kifurushi cha maboresho ya windows hiyo. Kama diski ziko nyuma ya kadi ya RAID, ile inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, basi unatafuta draiva ya hiyo kadi kwa windows yako, na hapo ndipo unagundua mtengenezaji wa kadi ameshaacha kuandika draiva za 2008 R2 zamani, kadi mpya hajaiandikia kabisa, na hakuna ufundi wa kuingiza draiva ambayo haipo. Hapo hata uite mafundi kumi.

Ukivuka diski kuna bayosi. Windows hii inajua kuwaka kwa UEFI, ambayo ndiyo bayosi ya kisasa, lakini kwa upande wa picha ya skrini bado inaitegemea ile huduma ya bayosi ya kizamani, kwa hiyo inataka kile kipengele cha kuiga bayosi ya kizamani, kinaitwa CSM, kiwe kimewashwa, la sivyo inaganda palepale nembo inapojitengeneza, unaweza ukaiacha hadi kesho yake. Intel walitangaza mwaka 2017 kwamba ifikapo 2020 wataiondoa hiyo kitu kwenye mashine zao, na ukifungua seva za sasa nyingi unakuta CSM haimo kabisa kwenye menyu. Secure Boot, ile kinga inayozuia mfumo usioaminika kuwaka, nayo lazima izimwe. Na ukiamua kurudi kwenye bayosi ya kizamani moja kwa moja basi diski ya kuwakia haitavuka TB 2, iliyobaki inakaa bure, kwa sababu jedwali la MBR, ile ramani ya kizamani ya kugawa diski, linahesabu kwa namba ya biti 32 na zikiisha zimeisha.

Halafu kuna hili la saini, hili ni la kimyakimya. Draiva mpya zinawekewa saini ya kidijitali ya kuthibitisha zimetoka kwa nani, kwa mtindo unaoitwa SHA-2, na windows ya 2009 haikuzaliwa ikiujua, mpaka iwekewe kiraka chake. Ila kuingia kwenye mtandao kupakua kiraka unahitaji kadi ya mtandao, na kadi ya mtandao haina draiva, na draiva uliyoileta kwa flashi inakataliwa kwa sababu ya saini. Unaona mduara huo. Unabeba kila kitu kwa flashi, kimojakimoja, kwa mpangilio, ukikosea mpangilio unaanza upya.

Jamaa wa Linux msicheke sana huko nyuma. CentOS 6, Linux ya seva iliyojengwa kutokana na ile ya kampuni ya Red Hat, ilikuwa na kerneli (kiini cha mfumo) 2.6.32 ya mwaka 2009, ingawa Red Hat walikuwa wanaichomekea draiva mpya kila toleo dogo, kwa hiyo namba yenyewe inadanganya kidogo, lakini tangu ilipofungwa tarehe 30 Novemba 2020 hakuna aliyeendelea kuichomekea chochote, na ukiipeleka kwenye seva iliyotoka baada ya hapo inakufanyia yaleyale, kadi ya mtandao haioni, kontrola ya diski haioni. Tofauti ni kwamba inakwambia wazi imekwama wapi. Windows inakunyamazia tu.

Sasa tuseme umeshinda. Umehangaika siku tatu, ama tano, umefanikiwa, 2008 R2 inawaka kwenye seva mpya. Umepata nini? Mimi nitakwambia nilichopata. Ile seva ilikuwa na memori ya GB 128. Windows ilikuwa 2008 R2 Standard. Nikafungua kuangalia, inasema GB 32 ndizo zinazotumika. Nikadhani memori imekaa vibaya nikafungua seva nikazikaza zote, GB 32. Ndiyo mwisho wake, Standard ya 2008 R2 imeandikiwa isivuke hapo, anayetaka zaidi alitakiwa kununua Enterprise ama Datacenter ambazo zinafika TB 2. Kwa hiyo robo tatu ya memori ambayo bosi ameinunua imekaa mle ndani inapata umeme tu. Nikaenda kumweleza, akaniangalia kama ndiye mimi niliyezila. Sikuwa na la kusema maana kabla ya kuanza kazi hilo nilitakiwa kulijua, sikulijua, ukweli usemwe.

Nikairudia ile kazi upya kwa njia ambayo ningeanza nayo tangu mwanzo, na ndiyo maana halisi ya barua hii, msomaji wangu mwenye hasira naomba hapa usome polepole. Ile windows ya zamani usiilaze juu ya chuma. Chuma kipe mfumo mpya unaokijua, iwe Hyper-V, iwe Proxmox, iwe VMware, wowote ambao mtengenezaji wa seva ameuweka kwenye orodha yake, halafu ile ya zamani iweke ndani yake kama mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta, wenyewe tunaita VM. Hapo haina haja ya kuijua seva yako. Inaonyeshwa mashine ya kuigiza iliyojaa vitu vya zamani inavyovijua. Kwa mfano ukitumia QEMU, programu ya kuigiza mashine ambayo ndiyo iliyo ndani ya Proxmox, mazabodi ya kawaida inayoonyeshwa kwa mashine pepe ni i440FX ya Intel, kitu cha mwaka 1996! Kadi ya mtandao ni e1000 ya zamani, diski ni IDE, ule mtindo wa kizamani wa kuunganisha diski. Yaani una seva ya juzi yenye NVMe na prosesa za kufa mtu, na mle ndani windows inajiona imekaa kwenye kompyuta ya mwaka 1996, imetulia, imekuta kila kitu inachokijua, haiulizi draiva. Mimi kila nikiiona napata raha ya ajabu.

Kwenye Hyper-V kumbuka tu kuchagua kizazi cha kwanza cha mashine pepe, cha pili 2008 R2 haikiwezi. Na kama seva ya zamani bado inapumua wala huna haja ya kupiga windows upya, kuna programu ndogo ya bure ya Microsoft inaitwa Disk2vhd, unaiendesha kwenye ile ya zamani ikiwa inafanya kazi zake, inakutolea diski nzima kama faili moja, pamoja na ile programu ya mishahara na mipangilio yake yote ambayo hakuna anayeikumbuka. Unaibeba unaiwasha upande wa pili. Ikikutolea skrini ya bluu yenye 0x7B usiogope, hiyo maana yake imeikosa kontrola ya diski iliyoizoea, ibadilishie iwe IDE, mara nyingi itawaka. Leseni inaweza ikakuuliza ujithibitishe upya kwa kuwa imeona mashine imebadilika, na kama ile windows ilikuja na seva ya zamani kutoka kiwandani basi leseni yake ilifungwa na hiyo seva, huruhusiwi kuihamisha. Hapo nunua leseni mpya ya Windows Server, zipo zinazokupa haki ya kushuka kwenye toleo la nyuma, uliza kabla hujalipa. Wengi hawajui hilo, wanaenda kutafuta kraki mtandaoni na kuleta virusi.

Kuna mahali njia hii inagoma, nisikudanganye. Kuna programu zinazotaka kile kifunguo cha USB cha leseni kiwe kimechomekwa, kinaweza kupitishwa mpaka ndani ya mashine pepe ila kuna siku kinapotea chenyewe. Kuna mitambo inayoendeshwa kwa kadi maalumu iliyochomekwa kwenye mazabodi, kadi ya miaka hiyo, tundu lake kwenye seva mpya halipo kabisa. Kwa mambo hayo ushauri wangu ni mfupi, tafuta mashine iliyotumika ya umri uleule, nunua mbili, moja iwe ya akiba. Usinunue mpya.

Na kitu kingine ambacho msomaji hakukigusa. Hiyo 2008 R2 viraka vyake vya kawaida viliisha tarehe 14 Januari 2020, waliokuwa wanalipia nyongeza nao wakaongezewa kama miaka mitatu. Ukiiacha wazi kwenye mtandao unatafuta balaa. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu la SMB, ile huduma ya kushirikiana mafaili, ambalo kiraka chake kilikuwa kimetoka Machi, miezi miwili tu nyuma, na bado kilizoa kompyuta za watu duniani kote, hao walikuwa na kiraka hawakukiweka, wewe kwa tundu jipya huna hata cha kuweka. Mwaka 2019 ikaja kasoro ya usalama iliyoitwa BlueKeep kwenye ile huduma ya kuingia kwa mbali, ikawa mbaya mpaka Microsoft wakatoa kiraka hata cha XP na Server 2003 ambazo walishazizika. Huwezi kupanga ukitegemea huruma ya namna hiyo. Ukiwa na mashine pepe unaifungia kwenye mtandao wake peke yake, intaneti haioni, wanaoingia ni wale wa mishahara tu, na kila usiku unaipiga bakapu nzima kama faili. Ikiharibika unairudisha ya jana.

Bosi wangu yule kwenye zile GB 128 aliipa VM ya mishahara GB 8 ikatosha, zilizobaki tukaweka seva nyingine mbili. Watu wa mishahara hawakujua kama kuna kitu kilibadilika, mmoja aliniuliza tu kwa nini siku hizi ripoti ya mwisho wa mwezi inatoka haraka.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kabla hujamtangaza fundi wako gazetini, kuna vitu viwili naomba ufanye. Fungua tovuti ya mtengenezaji wa seva yako, tafuta modeli yako, kuna orodha ya mifumo anayoikubali, angalia kama 2008 R2 imo. Hiyo orodha ilitakiwa isomwe kabla hela haijatoka, na hapo namlaumu na aliyekuuzia, yeye ndiye alitakiwa kukuuliza unakwenda kuweka nini humo. Halafu mpigie fundi umuulize ilikwamia wapi. Akikwambia kibodi ilikufa kwenye skrini ya lugha, ama orodha ya diski ilikuja tupu, mlipe siku zake tatu umwambie arudi na Proxmox kwenye flashi.

Wako,
Fundi wa seva, msomaji wa siku nyingi

N.B. Mhariri, kama mtakata barua naomba msikate ile sehemu ya install.wim, kuna mtu itamwokolea usiku wake.